Jabia limo kwenye bajeti, kijijini kuna shimo: tuulize wapi?

Binti Mwambao:

Assalamu alaykum jamaa. Niko visiwani huku Lamu, kijiji sitakitaja, na ni katibu wa chama cha akina mama. Mwaka wa fedha uliopita tuliitwa mkutano wa maoni ya bajeti tukaomba jabia jipya, yaani birika la kukinga maji ya mvua na sakafu yake, maana la zamani limepasuka sakafu, mvua ikinyesha maji yanapotelea njiani kabla hayajaingia birikani. Tukaandikwa. Baadaye kijana wetu anayesoma chuo Mombasa akatutumia faili la bajeti, na kweli tukalikuta: mstari mmoja, ujenzi wa jabia, jina la kijiji chetu, na mamilioni yake mbele. Siku hiyo vigelegele vilisikika hadi pwani.

Wakaja watu na sururu wakachimba. Ikaja mashua ya mchanga na mifuko ya saruji. Halafu kimya. Ile saruji imenyeshewa imekuwa mawe, na shimo tunalichunga kama watoto wachanga, maana mbuzi wawili washatumbukia. Mkandarasi akipigiwa anasema hajalipwa. Afisi moja tuliyokwenda ikatwambia pesa zilishatoka. Nyengine ikatwambia mradi huo si wa mwaka huu. Mwakilishi wetu anasema subirini.

Sasa limebandikwa tangazo la mkutano mwengine wa maoni. Wenzangu wamegawanyika, wengine hawataki hata kuusikia. Nauli ni yetu na bahari msimu huu mnaijua. Tukienda tuulize nini? Tusipokwenda kuna njia gani? Na zile karatasi ni Kiingereza kitupu, wengi wetu kinatushinda. Jibu la "chagueni viongozi wazuri" naomba asinipe mtu.

Kijana wa Mkomani:

Dada, hiyo nauli nunua samaki. Mkutano ni wa daftari. Wanataka majina na nambari za vitambulisho ili wakishtakiwa waseme wananchi walishirikishwa. Unakunywa soda, unapigwa picha, unarudi kwenu. Bajeti yenyewe ishachapwa zamani.

Fundi Chokaa:

Waalaykumu salaam binti yangu. Mimi ni fundi wa mawe, nimejenga majabia tangu mikono ina nguvu, na nilikaa kwenye kamati ya mradi wa kijiji, kwa hivyo nimeyaona pande zote mbili, ya mwiko na ya karatasi.

Kijana amesema kweli kuhusu daftari. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu raia hawakushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo daftari la mahudhurio limekuwa mali. Lakini kama daftari ni mali kwao, basi na ninyi mna kitu cha kuuza. Tutafika huko.

Kwanza hayo majibu mliyopewa. Hayagongani kama unavyodhani. Kila mmoja alisema juu ya hatua yake akanyamazia iliyobaki. Pesa ya kaunti hupita milango. Hutoka Nairobi ikaingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Hapo haitoki ila Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe, ndivyo Katiba ilivyo, kifungu cha 207. Ikiidhinishwa huingia akaunti ya matumizi, na kutoka pale ndipo mkandarasi hulipwa, baada ya kazi kupimwa na cheti kutiwa sahihi. Sasa mtu akikwambia "pesa zilishatoka", muulize zilitoka mlango upi zikaingia upi. Yawezekana zilitoka Nairobi tu. Yawezekana zilifika kwa mkandarasi na anakudanganyeni. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na dawa zake ni mbalimbali.

Na huyo aliyesema si mradi wa mwaka huu, huyo ndiye wa kumshika. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Kazi isiyokwisha inatakiwa iandikwe tena kwenye bajeti mpya kama kiporo, isipoandikwa haina pesa hata kama shimo lipo. Halafu kuna bajeti ya ziada. Hii watu hawaitazami. Ile bajeti kubwa ya Juni inapita na kelele, matangazo redioni, mikutano. Bajeti ya ziada huja katikati ya mwaka, kimya, siku zenyewe chache, na humo ndimo mstari wa jabia hupunguzwa ukapelekwa kwengine, au kufutwa kabisa. Binti yangu, kabla hujampigia kelele mtu yeyote, tafuta bajeti ya ziada ya mwaka ule ule uangalie mstari wenu kama bado uko na kama tarakimu ni zile zile. Huyo kijana wa chuo mpe kazi hiyo. Na ahakikishe pia ni mfuko gani. Maji ni kazi ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, lakini nimeona majabia ya mfuko wa mbunge na ya mashirika, na watu wakapigana na afisi isiyohusika mwaka mzima.

Pili, BQ, yaani orodha ya vifaa na vipimo vya kazi. Ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote. Bajeti hukwambia milioni ngapi, BQ hukwambia mifuko mingapi ya saruji, kokoto kiasi gani, waya wa BRC, ule wavu wa chuma wa kutia ndani ya zege, mita ngapi za mraba, plasta unene gani, dawa ya kuzuia maji kupenya imo au haimo. Hiyo Kiingereza chake si tatizo, ni nambari tupu, fundi yeyote wa kijijini atakusomea. Mkiwa nayo mkononi, mnakwenda shimoni na kamba ya kupimia. Shimo limeandikwa kina futi kumi, mnapima, mna futi sita. Hapo hamhitaji wakili.

Niwape la kwetu mafundi, halimo kwenye sheria. Ule mchanga ulioletwa na mashua, onjeni. Chota kidogo, weka ulimini. Ukiwa na chumvi basi umechotwa ufuoni haukuoshwa, na jabia likijengwa nao chuma cha ndani kitaliwa na kutu, plasta itavimba na kubanduka, na maji mtakayokunywa ndiyo hayo. Kataeni mapema. Kataeni kwa maandishi, mpige picha.

Tatu, pesa ya mwisho. Kazi za serikali mara nyingi asilimia 10 ya malipo ya mkandarasi huzuiwa mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, kwa kazi ndogo aghalabu miezi sita. Na kabla kazi kupokelewa, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kamati ya ukaguzi na upokezi iikague, hiyo ni kifungu cha 48. Watu wa kijiji wakijua siku ya kamati hiyo, wakawapo, wakamwaga maji ndani ya jabia yakakaa usiku mmoja, hakuna mtu atakayetia sahihi uwongo mbele ya wanawake hamsini. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mkandarasi alirudi na mifuko yake ya saruji, tena kwa haraka.

Sasa ule mkutano. Nendeni, lakini si nyote. Watu watatu, kila mmoja na swali moja lililoandikwa, nakala mbili. Moja mnaisoma, mnaikabidhi, ya pili inagongwa muhuri kuwa imepokewa. Mkitia sahihi daftari, hakikisheni na maswali yenu yameandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Hicho ndicho nilichosema mnauza. Msiuze jina tupu.

Nahodha Mstaafu:

Fundi umesema yote ila bahari. Tazameni hii kalenda: makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kisha Mei na Juni ndiyo kusikiliza raia, mpaka yapitishwe 30 Juni. Hizo ni siku za masika na kusi linaanza kusimama. Mtu wa Kiunga au Kizingitini akiambiwa aje Amu au Mokowe saa tatu asubuhi, na maji ya Mkanda, ule mkondo wa kupitia mashua, yametoka, mashua imekaa mchangani, huyo mmemshirikisha vipi? Aliyepanga kalenda hiyo hajapanda mashua. Mimi nataka mikutano iletwe visiwani, wadi kwa wadi, nasi Lamu wadi zetu ni 10 tu, si 35 kama Kilifi. Na kama haiji, tangazo lenyewe kwa kawaida lina anwani ya kupeleka maoni kwa maandishi. Andikeni, barua haitapiki baharini.

Tena wasingoje Mei. Mwanzo hasa ni mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao sheria inautaka uwe bungeni 1 Septemba. Mradi usiokuwamo humo Septemba, Mei unauomba kwa huruma. Baadaye kuna ile karatasi ya mkakati wa fedha, kufikia 28 Februari, inayogawa kila idara ipate kiasi gani. Ikifika Mei viti vyote vimekaliwa.

Mwalimu wa Ganda:

Salamu kutoka Malindi. Huku kwetu ni kaunti ya Kilifi lakini sheria ni ile ile. Kwetu tatizo lilikuwa darasa la chekechea, kuta mpaka lenta, bila paa. Sitaitaja afisi, ila tulizungushwa kwa mdomo mpaka tukaacha mdomo tukashika kalamu.

Dada, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Inatoka kifungu cha 35 cha Katiba. Ukiandika kuomba karatasi, afisi ina siku 21 kukujibu. Inaweza kuongeza siku 14 mara moja, ikiwa habari ni nyingi au zinahitaji kutafutwa kwengine. Kuomba hakulipiwi, gharama ni za kutoa nakala tu. Sababu ya kuomba hutakiwi kuitoa, raia haulizwi unataka ya nini. Na hili la lugha lisikutie hofu, maana sheria yenyewe inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika anakwenda anasema kwa mdomo, na afisa ndiye anayelazimika kumwandikia.

Sisi hatukuomba "habari zote kuhusu mradi". Ukiomba hivyo utapewa hotuba. Taja karatasi kwa jina. Barua yetu ilikuwa fupi, nakuwekea hapa nimeibadilisha iwe yenu:

"Kwa Afisa Mkuu, Idara ya Maji. Nakala kwa Katibu wa Kaunti. YAH: OMBI LA HABARI KUHUSU UJENZI WA JABIA, KIJIJI CHA ____, WADI YA ____. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala za hati zifuatazo: mkataba na mkandarasi, BQ ya kazi hiyo, vyeti vyote vya malipo na tarehe za kulipwa, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokezi, kama ipo, na ukurasa wa bajeti ya mwaka huu unaoonyesha mradi huu. Kama hati yoyote haipo, naomba nijulishwe kwa maandishi kuwa haipo. Ningependa nakala za karatasi, nitazifuata mwenyewe afisini."

Sentensi ya "kama haipo" msiiache. Ndiyo iliyotusaidia sisi. Kulikuwa hakuna cheti cha malipo hata kimoja, na walipoandika kwamba hakipo, ile hadithi ya kuwa fulani amekula pesa ikafa kijijini siku hiyo hiyo. Mkandarasi alikuwa anadai kweli. Kaunti nyingi zina madeni ya wakandarasi, na Mdhibiti wa Bajeti huyataja katika ripoti zake za kila robo mwaka, ambazo ziko wazi kwenye tovuti yake kwa kila kaunti. Tukajua tunamdai nani: tukaacha kumfuata mkandarasi, tukapeleka ombi rasmi bunge la kaunti, haki ambayo iko kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Wasipowajibu ndani ya muda, mnaandikia Tume ya Haki za Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, katika siku 30. Hizo 30 msizichezee.

Kijana wa Mkomani:

Mwalimu hayo ni mazuri kwenye karatasi. Mimi nauliza, ripoti za Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwaka, miradi iliyoachwa inatajwa kwa jina, pesa isiyo na vocha inatajwa. Nani amefungwa?

Fundi Chokaa:

Swali zuri kijana, na sitakudanganya, waliofungwa ni wachache mno. Mkaguzi hukagua akaandika, kazi ya kuhoji ni ya bunge la kaunti na Seneti, na ya kushtaki ni ya wengine. Kifungu cha 226 kinasema afisa aliyeelekeza pesa kinyume cha sheria atalipa kutoka mfukoni mwake, alipe awe kazini au ameshatoka. Imeandikwa vizuri, utekelezaji wake umelala. Lakini binti hakuuliza nani afungwe. Ameuliza maji. Mgao wa usawa wa Lamu, yaani fungu lake kutoka serikali kuu, ni kama bilioni 3 hivi kwa mwaka, ni miongoni mwa midogo kabisa nchini, na ukitoa mishahara na uendeshaji kinachobaki kwa kujenga si kingi. Kwa hela ndogo namna hiyo jabia moja likipotea kijiji kinaona. Mimi napendelea kupigania jabia likajaa maji, na huyo wa kufungwa nikamwachia mwenye kazi yake.

Na hiyo ripoti ya Mkaguzi usiidharau. Kaisome uone kama jabia lao limo. Likiwamo, mstari ule unabandikwa juu ya barua ya mwalimu na unasomwa mkutanoni neno kwa neno.

Binti Mwambao:

Mzee Fundi, Nahodha, Mwalimu, Mwenyezi Mungu awalipe. Leo jioni tulikaa barazani tukazisoma hizi tangu mwanzo, mwenye miwani akisoma.

Yale ya mchanga tumefanya. Tumeonja wanne. Una chumvi.

Mtoto wa chuo ameipata bajeti ya ziada. Mstari wetu umo lakini umekatwa, umebaki chini ya nusu. Wala hakuna aliyewahi kutwambia. Kwa hivyo huenda mkandarasi na afisi wote wawili walisema kweli kila mmoja kwa kipande chake, na sisi tukawa tunagombana wenyewe kwa wenyewe hapa mpaka watu hawaamkiani.

Tumeamua watatu waende, na barua ya mwalimu tumeshaiandika. Lakini kuna maneno yameanza, kwamba akina mama wanatumiwa na mpinzani wa mtu fulani, kwamba ni siasa. Mume wa mmoja wetu ameajiriwa na kaunti, amemkataza mkewe kutia sahihi. Tufanyeje na hilo?

Mwalimu wa Ganda:

Huyo msimlazimishe, nyumba yake ina haki. Atawapikia watakaosafiri, na hiyo pia ni kazi.

Maneno ya siasa yatakuja tu. Kwetu yalikuja. Tulichofanya ni kuhakikisha barua haina hata neno moja la lawama, hakuna "wizi", hakuna "ufisadi", hakuna jina la kiongozi. Ni orodha ya karatasi. Mtu akisema mna siasa, mnampa aisome mbele ya watu. Na kwenye mkutano msimpe maiki mtu wa nje, hata akija na shati zuri na kamera. Chama chenu kimesajiliwa?

Binti Mwambao:

Kimesajiliwa, cheti tunacho.

Nahodha Mstaafu:

Basi kuna mlango mwengine. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inataka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, na wajumbe wasio watumishi wa serikali wawe sawa kwa idadi na mawaziri wa kaunti, wakipendekezwa na wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee, dini. Ulizeni kiti cha wanawake nani anakikalia na kama amewahi kuvuka maji kuja kwenu. Mwandikieni na yeye nakala. Mtu wa pale anaulizia mambo haya ndani ya chumba, Septemba na Februari, si uwanjani mwezi wa Mei.

Binti Mwambao:

Tutamtafuta. La mwisho, mwalimu: barua iende na nakala za vitambulisho vya chama kizima, au cha mmoja kinatosha? Mashine ya kutoa nakala huku ni moja na haina wino.

Mwalimu wa Ganda:

Mmoja anatosha, ombi ni la raia, si la kundi. Ila nambari ya simu iwe ya mtu asiyekwenda baharini. Sisi tuliandika ya mvuvi, na kwenye maji mtandao hana, wakasema walimpigia hakupatikana.

Fundi Chokaa:

Na lile shimo lizungushieni makuti kabla hamjasafiri.